Mwokaji Mikate Chini ya Leza

Muuguzi yule alikuwa mtu wa kujiamini, tena kwa haki yake. Miaka kumi na mmoja ya kazi, sita kati ya hiyo katika kliniki ndogo ya ghorofa ya pili ambako watu huja kuyeyushwa mafuta kwa leza na kunyonywa kwa mrija mwembamba. Alishaona matumbo ya kila namna na waoga wa kila namna, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumpiga chenga. Mpaka alipokuja dada yake.

Dada huyo alikuwa mwokaji mikate. Ana duka lake, oveni mbili kubwa, wafanyakazi wanne, na mikono ambayo haikubali kushindwa na kitu. Sinia likitoka motoni, wenzake wanatafuta glavu nene. Yeye anachukua kitambaa cha kufutia meza, anakikunja mara moja, anabeba. Na ole wako useme "aah!" mbele yake. Utachekwa mpaka duka lifungwe, na kesho yake mteja wa kwanza ataelezwa habari zako. Ndivyo walivyofanya kazi pale miaka ishirini na minne, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Sasa huyu bibi chuma alikuwa na kero moja. Watoto watatu, wawili wametoka kwa kisu, wamemwachia mkunjo chini ya kitovu ambao haukujali matembezi wala kupunguza kula. Akifunga aproni, kamba inateleza juu ya mkunjo, inapanda, na kufika saa nne asubuhi aproni iko kifuani kama kitambaa cha kulishia mtoto. Alikasirika. Akavumilia. Akakasirika tena.

"Nataka aproni ikae mahali pake," alimwambia mdogo wake. "Sitaki kuwa msichana. Usichana nilishaumaliza, tena vizuri sana."

"Dada, mimi ni ndugu yako. Si vizuri nikuhudumie mimi. Nitakutafutia kliniki nyingine nzuri."

"Kliniki gani? Kuna saluni mtaa wa nyuma, nasikia siku hizi wana hiyo mashine. Wanakuweka chumba cha ndani, saa moja umemaliza."

Muuguzi alitoa macho. "Saluni? Wanaosuka nywele ndio wakutie leza tumboni? Thubutu! Ukikanyaga huko usiniite mdogo wako."

"Basi nitakanyaga kwenu."

Akawa amemshinda. Ndivyo alivyokuwa, haambiliki, na ukimwambia anakuzungusha mpaka unajikuta umekubali alichokitaka tangu mwanzo. Muuguzi akajipa moyo kwamba afadhali awe chini ya macho yake kuliko chini ya mtu asiyejua ngozi na nyama vinaachana wapi.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe walikaa mbele ya daktari. Daktari wa pale alikuwa bwana mtulivu, mikono laini, amesomea upasuaji, na vyeti vyake vimetundikwa ukutani mahali ambapo huwezi kujifanya hukuviona. Hakumpamba mtu. Alimwambia dada waziwazi kwamba leza si dawa ya unene, ni ya kuondoa mafuta kidogo mahali padogo. Akamwambia hatari zake pia: ngozi inaweza kuungua kwa ndani au kwa nje, tumbo linaweza kubaki na mabonde, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, ganzi ikizidi kipimo moyo unayumba, na mara chache damu inaganda mguuni, bonge likapanda mpaka kwenye mapafu.

"Hata oveni ina hatari zake, daktari," dada akasema.

"Unatumia dawa zozote?"

"Hapana."

Muuguzi akakohoa. Dada akatazama dari.

"Aspirini ya goti," muuguzi akasema. "Kila siku asubuhi, na chai."

"Hiyo nayo ni dawa? Hiyo ni kama sukari!"

"Inafanya damu isigande vizuri, mama," daktari akasema. "Kama hakuna aliyekuandikia kwa ajili ya moyo, tutaisimamisha kuanzia leo, na hatugusi tumbo mpaka wiki mbili zipite."

Waliposhuka ngazi dada alimfinya muuguzi mkono kama alivyokuwa akimfinya utotoni akisema siri za nyumbani mbele ya wageni. Muuguzi akapiga yowe. Dada akacheka, akasema mtoto bado ana ngozi ya mkate mbichi.

Siku ikafika. Chumba cha upasuaji pale ni kidogo, cheupe, kina meza moja, taa moja ya kuning'inia, na mashine ya leza yenye ukubwa wa friji ndogo. Daktari huiendesha kwa pedali chini ya mguu wake. Akikanyaga, leza inawaka kwenye ncha ya waya mwembamba uliopita ndani ya mrija; akiachia, inazimika. Na kwa sababu mgonjwa yuko macho, amepigwa ganzi ya mahali tu, kliniki ile ilikuwa na desturi yake ya kazi: mashahidi watatu wa joto. Wa kwanza ni kiganja cha daktari juu ya ngozi. Wa pili ni kipimajoto mkononi mwa muuguzi, anakielekeza pale mrija ulipo na kutaja namba kwa sauti, kila baada ya muda mfupi. Wa tatu ni mdomo wa mgonjwa. Daktari humwambia kila mtu maneno yaleyale: "Ukisikia moto, sema. Ganzi haizuii kila kitu." Na watu husema. Wengine husema hata kabla mashine haijawashwa.

Muuguzi alimpima dada uzito mara mbili, akapiga hesabu ya ganzi mara mbili, akamwonyesha daktari karatasi. Akamvalisha miwani ya kukinga macho. Dada alilala pale, miwani mikubwa usoni, kofia ya kijani kichwani, akasema anafanana na nzi.

"Ukisikia moto, sema, mama," daktari akasema.

"Moto naujua, baba. Fanya kazi yako."

Mambo yakaenda vizuri. Upande wa kulia daktari aliumaliza kwa dakika ishirini, taratibu, mrija unakwenda na kurudi chini ya ngozi. Muuguzi akawa anataja: thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa. Ikifika arobaini daktari anahama. Hakuna aliyetoka jasho. Wakaingia katikati, chini ya kitovu, pale kovu la kujifungua lilipo. Kovu ni mahali pa hila. Nyama yake imeshikana, mafuta hayajapangika, mrija unakwenda kwa shida, na joto likikwama humo halina pa kutokea.

"Thelathini na tisa," muuguzi akasema.

Daktari akasukuma mrija kidogo.

"Thelathini na tisa na nusu."

"Daktari," dada akaita kutoka kichwani mwa meza, sauti changamfu, "eti una watoto wangapi?"

"Wawili, mama."

"Hawajambo?"

"Hawajambo, wanasoma."

"Na mama yao, mzima? Na wazazi wako, wapo?"

Daktari alitabasamu chini ya barakoa. Mgonjwa mwenye stori ni mgonjwa aliyetulia, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo kazi ilivyomwonyesha. Lakini muuguzi alijua vingine. Yeye alikulia nyuma ya lile duka la mikate. Alishamwona dada yake mara mia akitembea na sinia la moto kutoka kwenye oveni mpaka kwenye meza ya mbali, ngozi ya vidole ikiungua, na njia nzima anamuuliza mtu habari za kwao. Kadiri sinia linavyounguza, ndivyo salamu zinavyoongezeka. Akifika kwenye wazazi wa mtu, ujue hapo ni pabaya.

Alitazama kipimajoto. Arobaini. Namba ya kuhama, si ya kuogopa. Akakisogeza upana wa kidole kimoja, ng'ambo ya kovu, mahali ambapo mrija ulikuwa umeshapita na hakuna aliyekuwa anapaangalia.

Arobaini na tatu.

"Daktari, toa mguu!"

"Nimalizie hapa, sekunde moja..."

"Na babu je," dada akaendelea, "babu mzaa mama..."

Muuguzi hakusubiri sekunde ya mtu. Aliunyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu cha kuzimia mashine, kile ambacho kwa miaka sita hakuna aliyekigusa ila kukifuta vumbi. Mashine ikanyamaza. 

Daktari aliinua kichwa. Uso wake, sehemu ile iliyoonekana, ulikuwa umekunjamana. Hakuna daktari anayependa kuzimiwa mashine mkononi. Muuguzi hakurudi nyuma hata hatua moja. Alimwonyesha kipimajoto, halafu akamwonyesha ngozi. Ng'ambo ya kovu palikuwa pameanza kuwa pekundu, duara lenye ukubwa wa kifuniko cha chupa.

"Anaungua," alisema. "Huyu hasemi. Hatasema. Namjua."

Daktari akauchomoa mrija. "Maji baridi," akasema, na uso ukalegea. "Haraka. Vitambaa vyote."

Wakapooza pale mahali kwa vitambaa vilivyolowekwa maji baridi, wakabadilisha, wakapooza tena, robo saa nzima. Wekundu ulibaki ila haukutanuka. Daktari aliminya kwa kidole, akaangalia damu ikirudi kwenye ngozi, akapumua. Litatoka lengelenge dogo, akasema, na kovu dogo labda. Ingekuwa dakika moja zaidi, ngozi ya pale ingekufa.

"Na upande wa kushoto?" dada akauliza.

"Hatuendelei leo, mama."

"Mnaniacha nusu? Nitoke hapa upande mmoja umepikwa, mwingine mbichi?"

"Ndiyo," muuguzi akajibu kabla ya daktari. "Utatoka hivyohivyo."

Dada hakuzoea kujibiwa hivyo na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimwogesha. Daktari alipotoka kwenda kuandika ripoti yake, wao wawili walibaki chumba cha mapumziko, yeye kitandani, mdogo wake akimvalisha nguo ya kubana, ile inayoanzia chini ya kifua mpaka katikati ya mapaja.

"Umeniaibisha," dada akasema.

"Ulisikia moto?"

Dada akavuta shuka.

"Dada, nakuuliza. Ulisikia?"

"Nilisikia. Tangu upande wa kulia."

Muuguzi aliacha kuvuta nguo. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya hasira kulikuwa na woga ambao hakuutaka. "Tangu upande wa kulia! Ungekaa kimya mpaka lini?"

"Mpaka aseme imetosha. Yeye si ndiye fundi? Nilijua ndivyo inavyofanya kazi. Mafuta hayayeyuki kwa baridi."

"Yeye hawezi kuliona tumbo lako kwa ndani! Mimi nina kipimajoto kinachoona ngozi ya juu tu. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unajua, ukaanza kuuliza habari za babu yake!"

Dada akageuza uso ukutani. Mabega yakatikisika, na muuguzi akadhani analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema "uuwi" kidogo, akaacha. Muuguzi hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nisikilize vizuri. Hapa si dukani. Hapa hakuna anayemsifu mtu kwa kuvumilia. Ukivumilia hapa unakufa, na mimi ndiye nitakayeulizwa nyumbani ulikufaje. Sitaki. Nakupenda, na sitaki."

Hakuwahi kumwambia neno hilo. Dada alimtazama kama mtu aliyepewa kitu asichojua akishike wapi.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

"Kuvaa nguo hii moja, usiku na mchana. Kutembea ndani ya nyumba kila saa, usijikunje kitini. Mguu ukivimba au ukiuma, kifua kikibana, pumzi ikikata, homa ikipanda, unapiga simu hapohapo. Sema tena."

"We mtoto!"

"Sema tena, Dada."

Akasema tena, huku amebetua midomo, neno kwa neno.

Kesho yake na keshokutwa muuguzi alipita kwake baada ya kazi. Lengelenge lilikuwa dogo, safi, halina usaha. Tumbo limevimba kidogo na kuwa na rangi ya biringanya, kama inavyotakiwa. Daktari mwenyewe alipiga simu kuuliza hali, na pale kliniki aliwaambia wenzake bila kuzunguka kwamba kosa lilikuwa lake, alipaswa kuachia pedali mara moja aliposikia sauti ya muuguzi. Tangu siku hiyo, karibu na kovu kipimajoto kinapita pande zote, na muuguzi akisema toa mguu, mguu unatoka. Muuguzi akatembea kliniki nzima kifua mbele. Mambo yote aliyaona yamekwisha.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, simu ikalia. Alikuwa anapanga mikasi kwenye trei.

"Uko wapi?" dada akauliza.

"Kazini. Wewe?"

"Dukani. Nimekuja kukaa tu, sijabeba kitu." Sauti ilikuwa ndogo. Nyuma yake mashine ya kukandia unga ilikuwa inanguruma. "Sikia. Mguu wa kushoto unaniuma. Kwenye nyama ya nyuma. Na kiatu hakiingii."

Muuguzi aliiweka trei chini, mikasi ikagongana. Akangoja. Akangoja aulizwe hali ya watoto, hali ya mume, hali ya jirani. Dada hakuuliza habari ya mtu yeyote.

"Unauma sana," dada akasema.

"Kifua?"

"Kifua hakina neno."

"Usisimame. Usikandwe na mtu. Nakuja."

Daktari alipomwona usoni hakuuliza mara mbili, akachukua funguo za gari. Njiani akapiga simu hospitali kubwa wakae tayari na kipimo cha mishipa. Duka lilikuwa limejaa harufu ya mkate na wafanyakazi wanne wamesimama kama wamepigwa na butwaa, maana bosi wao alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, mguu ameunyoosha, mbele ya wateja, na anasema anaumwa. Muuguzi alipiga magoti akapandisha gauni. Nguo ya kubana haikuwa moja. Zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine, na ya juu imejikunja pajani ikawa kamba, imekata nyama mpaka imeacha mfereji. Chini yake mguu wote umevimba, umekaza, una joto.

"Nilifikiri mbili zitafanya kazi mara mbili," dada akasema. Akatazama pembeni. "Upande wa kushoto ulibaki mnene."

Muuguzi hakumgombeza. Alichukua mkasi wa kukatia mifuko ya unga akaikata ile ya juu kutoka pajani mpaka kiunoni, na daktari akashika mguu usitikisike mpaka walipomfikisha kwenye gari.

Hospitalini kipimo kilionyesha bonge la damu kwenye mshipa wa nyama ya mguu. Dogo, urefu wa nusu kidole, bado limekaa mahali pake. Mtaalamu wa mishipa, mama mmoja mwenye miwani, aliwageuzia skrini ili walione. Akasema limekamatwa mapema. Akauliza maumivu yalianza lini.

"Leo asubuhi," dada akajibu. "Saa tatu na nusu."

"Na umepiga simu saa ngapi?"

"Saa nne."

Yule mama alivua miwani. Akasema wengi wanaomfikia wamekaa nayo siku tatu, nne, wanajikanda mafuta ya moto, na wengine hawamfikii kabisa. Akaandika sindano ya kuzuia damu isigande, ya kwanza hapohapo, na vidonge vya miezi mitatu.

Walimlaza wodini, kitanda cha karibu na dirisha. Daktari akaenda kuongea na wenzake. Muuguzi alibaki amesimama na faili mkononi, mtu wa miaka kumi na mmoja ya kazi. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akaanza kulia, si kile kilio cha kujificha, kile cha sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

 Dada akanyoosha mkono wake wenye makovu, akamshika kichwa kama alivyomshika alipokuwa mdogo.

"Unalia nini sasa? Niliogopa, nikakupigia. Basi."